Benki ya Mabega

Kwetu Lehtoperä, mtu akitaka kujenga nyumba huenda kwanza kwa Veijo Haapasaari, halafu ndiyo humwambia mke wake. Veijo ni mkadiriaji majenzi. Unampelekea ramani, anaivalia miwani, anakuuliza maswali matatu kuhusu udongo na moja kuhusu mama mkwe, na baada ya wiki mbili anakurudishia karatasi kumi na moja ambazo ndani yake nyumba yako imeshasimama na kupakwa rangi. Kwa miaka thelathini na miwili makadirio yake hayakuwahi kupishana na gharama halisi kwa zaidi ya asilimia mbili. Benki ya mjini ilikuwa haisomi karatasi zake, inatazama sahihi tu. Hakuwahi kuoa, na wenye midomo yao walisema alikaa chini akakadiria gharama akaona hazilipi.

Katika karatasi hizo kumi na moja, moja ilikuwa ya kitu tunachokiita benki ya mabega. Hapo zinaandikwa saa ambazo mwenye nyumba atafanya kazi kwa mikono yake mwenyewe: kumwaga zege, kusimamisha kuta, kupigilia sakafu. Kila saa inapewa thamani, na benki yenye pesa inaikubali thamani hiyo kana kwamba umeimwaga mezani noti kwa noti. Huku kwetu asiye na kitu hujenga kwa mabega, na jirani zake wakimpenda wanamwongezea ya kwao. Nusu ya nyumba za Lehtoperä zimesimama hivyo, na katika hiyo nusu hakuna hata moja ambayo Ilpo hakuweka bega lake.

Ilpo alikuwa mdogo wake Veijo, fundi seremala, mtu wa miaka arobaini na sita mwenye kucheka kwa sauti. Hakuweza kupita mahali watu wanapigilia misumari asiombe nyundo. Alijengea watu maghala, mabanda, vyumba vya wakwe, akala supu yao akaenda zake. Yeye mwenyewe na mkewe Sirkku, mpishi wa shule, walipanga vyumba viwili juu ya posta ya zamani pamoja na mabinti zao wawili. Kiwanja walikuwa nacho, kando ya ziwa, na juu yake Ilpo alikuwa ameshajenga sauna yenye chumba kidogo cha kubadilishia nguo, maana kwetu sauna hutangulia na nyumba hufuata. Ila nyumba yenyewe haikufuata. Kila majira ya baridi aliichora upya, na kila kiangazi alikwenda kuwajengea wengine.

Mwezi wa nne kikohozi chake kilikataa kuondoka, na Veijo ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari lake. Alimngoja kwenye korido saa nzima. Ilpo alitoka akifunga zipu ya koti, akasema, "Wamesema labda Krismasi."

"Krismasi kuna nini?" Veijo akauliza.

Ilpo akamtazama tu, na Veijo akaelewa. Chanzo kilikuwa ni dari za shule kuukuu ambazo Ilpo alizibomoa ujanani, zenye vumbi la asbesto, enzi ambazo hakuna aliyevaa barakoa isipokuwa mwoga. Walirudi nyumbani kilomita sabini wakizungumzia bei ya mbao. Sisi ni watu wa hivyo. Kiama kinaweza kutukuta tumeshamaliza mbao tumefika kwenye misumari.

Gari liliposimama mbele ya posta, Ilpo akasema, "Sirkku asijue. Nimemwambia ni mkamba."

"Ilpo, mke wako..."

"Mkamba, kaka." Akashuka akapanda ngazi, akipumzika kila baada ya vidato vinne.

Wiki tatu baadaye alikuja kwa Veijo na ramani kwapani. Akaitandaza juu ya meza ya jikoni, akaibana pembe kwa vikombe.

"Nataka makadirio."

"Ya mwaka huu?"

"Wewe ulitaka ya mwaka gani?"

Wakaanza kazi. Veijo alishukuru kuwa na kazi. Walipitia msingi, kwa kuwa udongo wa kile kiwanja ni mfinyanzi na barafu ya ardhini ikiingia chini ya nyumba huinyanyua kama mtu anayenyanyua mfuniko wa sufuria. Wakapitia kuta, sufi ya kuzuia baridi, pampu ya joto, bati la paa. Ilpo alikuwa akimtania muda wote: "Maisha yako yote unahesabu misumari ya watu, na wewe hujapigilia hata mmoja. Siku moja nitakupa nyundo uone inavyokuwa nzito." Jikoni alitaka dirisha pana linalotazama ziwa. Veijo akamwambia dirisha hilo peke yake ni euro elfu mbili na mia tatu, dogo lingekuwa nusu ya hapo. "Weka pana," akasema Ilpo.

Walipofika kwenye karatasi ya mabega, Ilpo akajikohoza, akatulia, akasema, "Andika elfu mbili na mia nne."

Kalamu ya Veijo ikasimama. "Ilpo, hata mtu mzima wa afya..."

"Hata nani?"

"Hata watu wawili."

"Basi mimi ni watu wawili. Muulize Kauko, nilimjengea ghala lake siku tisa, yeye anazunguka na trekta tu anapiga honi."

Veijo hakucheka. Ilpo akavuta kiti karibu, na sauti yake ikashuka.

"Bila hizo saa benki haitoi, unalijua hilo kuliko mimi. Mimi nikiondoka hivi hivi, Sirkku atazeekea juu ya posta. Lakini nikishaanza, msingi ukikaa ardhini na mkopo ukitoka, hakuna atakayeiacha. Unawajua watu wetu. Hawaachi nyumba ya marehemu isimame uchi. Andika, kaka. Sikuombi kitu kingine tena."

Veijo akaandika. Unaweza kumlaumu, na wengi baadaye walimlaumu, lakini ishike wewe hiyo kalamu, umtazame mdogo wako usoni, kisha ufute saa zake. Kuzifuta kungekuwa kumwambia kwa wino kwamba ameshakufa. Chini ya karatasi ya mwisho palikuwa na mstari wa mambo yasiyotarajiwa, na Veijo akajaza asilimia kumi kama anavyowajazia wote. Katika miaka yake yote alikuwa hajawahi kuona jambo linalotarajiwa kama hili.

Siku nne baadaye, kesho yake ikiwa ni siku ya kwenda benki, Sirkku akaja peke yake kwa baiskeli. Alileta mkate wa iliki ndani ya kitambaa. Aliingia, akavua viatu, akanusa hewa.

"Shemeji, nyumba hii inanuka ubachela. Fungua dirisha angalau mara moja kabla sijafa."

"Likifunguliwa joto linatoka. Ni pesa."

"Ndiyo maana hukuoa. Mke naye hutoa joto nje." Akachemsha kahawa mwenyewe bila kuuliza, akamimina vikombe viwili, akakaa. Kisha akatoa mfukoni ile karatasi ya mabega, moja tu kati ya kumi na moja, akainyoosha mezani kwa kiganja.

"Nina swali," akasema. "Hizi saa ni za kweli?"

"Za kweli vipi?"

"Veijo, usinifanyie hivyo. Ilpo nikimuuliza kitu ananipa mzaha. Nikimuuliza tena anakwenda kuchanja kuni. Lakini kila mtu hapa anajua wewe kwenye namba huna uongo, hata ukitaka huwezi. Kwa hiyo nakuuliza wewe, mara moja, sitarudia. Saa elfu mbili na mia nne za mume wangu, zipo au hazipo?"

Veijo aliitazama karatasi. Mwandiko ulikuwa wake, mzuri, ulionyooka. Alifikiri kuhusu dirisha pana, na kuhusu sauti ya Ilpo iliyoshuka, na kuhusu neno alilopewa. Zaidi ya yote, nisiwafiche, alikuwa anaogopa. Hakuwahi kumwambia mwanamke jambo zito maishani mwake na hakujua linaanzia wapi.

"Zipo," akasema.

Sirkku akashusha pumzi, na uso wake wote ukalegea. Akacheka kidogo, akajifuta jicho kwa kifundo cha mkono, akasema kahawa ina moshi.

"Haya. Basi na mimi siwezi kukaa bure. Shule ikifungwa nina wiki kumi. Nyumba ya wazee kule parokia ya pili wanatafuta mpishi wa zamu za kiangazi. Wiki kumi zinatosha madirisha?"

Hapo alipewa nafasi ya pili, na nafasi ya pili hawapewi wengi. Veijo akasema, "Zinatosha madirisha na mlango wa mbele."

"Andika basi," Sirkku akasema, na Veijo akaandika.

Benki ikatazama sahihi, ikatoa mkopo. Mwanzoni mwa mwezi wa sita Kauko alileta mashine akachimba msingi, na Ilpo akaanza. Familia ilihama juu ya posta ili kuokoa kodi, ikaingia kwenye kile chumba cha sauna, watu wanne kwenye nafasi ambayo Veijo aliijua ni mita za mraba kumi na tano na nusu. Ilpo alikuwa na daftari dogo lenye jalada la mpira, na kila siku aliandika saa alizofanya. Siku nzuri aliandika nane. Siku mbaya alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapumua, akafunga nondo mbili, akakaa tena, na jioni akaandika tatu, kwa sababu hakuwa mtu wa kuiba saa. Alikuwa na haraka. Aliwaambia watu anataka kuta zisimame kabla ya baridi, na watu wakasema huyu Ilpo akianza jambo lake anakuwa kama ng'ombe aliyeonja chumvi.

Sirkku aliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa baiskeli kwenda kuwapikia uji wazee wa watu. Alirudi jioni, na mara nyingi alimkuta Ilpo ameshalala, amegeukia ukuta. Alimfunika, akafua nguo zake, akalala. Mwishoni mwa juma zamu zililipa mara moja na nusu, kwa hiyo hata mwishoni mwa juma alikwenda.

Veijo alifika kila Jumamosi. Alibeba mbao vibaya, akaangusha vitu, akachekwa. Jumamosi moja alimkuta Ilpo amepiga magoti kwenye jamvi la zege, paji la uso limegusa sakafu, kama mtu anayesikiliza kitu chini. Alipomwinua alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa saruji. "Mwambie Sirkku," Veijo akasema. "Leo."

"Akijua ataacha kazi, ataniketisha kwenye kiti na blanketi magotini. Nani atasimamisha kuta?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Utamwambia nini? Kwamba ulimdanganya?"

Veijo akarudi kubeba mbao. Zilikuwa Jumamosi kumi na tano, na katika kila moja ulimi wake ulikuwa mdomoni mwake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kinamfanya nini yule aliyemsaidia kuficha.

Tarehe ishirini ya mwezi wa tisa Ilpo alianguka akiwa ameshika fremu ya ukuta wa tatu. Sirkku alipigiwa simu akiwa na mwiko mkononi. Hospitalini daktari alizungumza naye kwenye korido kwa upole, akitumia maneno ya mtu anayeendeleza mazungumzo ya zamani, kwa sababu alidhani mke anajua. Zilipita siku kumi na tisa. Katika hizo, kumi na mbili Ilpo hakumtambua mtu.

Kwenye mazishi Sirkku alisimama kati ya mabinti zake wawili, macho makavu, akawapa watu mkono. Alimpa mkono Veijo pia. Wiki iliyofuata akamletea lile daftari lenye jalada la mpira, akasema, "Hili ni la karatasi zako," akaondoka. Veijo alijumlisha mara mbili ingawa mara moja ingetosha. Ilpo alikuwa amefanya saa mia sita na kumi na moja. Zilibaki elfu moja mia saba na themanini na tisa.

Yaliyofuata yalikuwa kama marehemu alivyoyatabiri. Veijo alifunga ofisi yake, akaacha wateja waende wanakojua, akanunua nyundo. Majira yote ya baridi alikwangua theluji juu ya turubai lililofunika kuta zile, akipiga magoti kusukuma vibonge, na mikono yake ya karatasi ikapasuka ikavuja damu. Ndani ya chumba cha sauna, hatua kumi kutoka hapo, mwanga uliwaka, na Sirkku alimpelekea kahawa bila neno. Mwezi wa nne theluji ilipoyeyuka Kauko akaja na trekta lake, akalizima katikati ya kiwanja.

"Ilpo alinijengea ghala siku tisa," akasema. "Sikumrudishia hata moja. Nianzie wapi?"

Nyuma yake wakaja wengine. Alikuja mtu wa banda la kondoo, akaja mtu wa chumba cha mama mkwe, wakaja hata watu wa kijiji cha pili ambao Ilpo aliwawekea ngazi moja tu mwaka wa nyuma. Ulikuwa ujima ambao Lehtoperä haijauona tangu kanisa lilipoungua. Veijo aliandika saa zao zote. Kuta zikasimama, kenchi za paa zikapanda, na katikati ya mwezi wa sita mgongo wa paa ukafungwa. Sasa, kwetu mgongo wa paa ukifungwa mwenye nyumba huwalisha wote walioshika kazi, kisha husimama akawashukuru. Hata bahili mkubwa hawezi kuukwepa mlo huo.

Sirkku alipika supu ya samaki na viazi kwenye chungu cha shule. Meza ziliwekwa nje, mbao juu ya mapipa. Veijo alimkuta ndani, mahali patakapokuwa jiko, akikata majani ya kutia kwenye supu, kuta hazina bado kitu isipokuwa mifupa ya mbao. Veijo alikuwa na karatasi mkononi. Tangu mazishi hakuwa amepata jambo jema hata moja la kumwambia shemeji yake, na leo alidhani amelipata.

"Shemeji, nimepiga hesabu mpaka paa. Tumepishana asilimia moja na nusu tu. Yaani kwa saa za hawa watu, zile zote za mabega zitatimia. Zote elfu mbili na mia nne. Nyumba utaipata kama ilivyoandikwa."

Sirkku aliendelea kukata. "Unajua siku ile kwa nini nilikuja kwako?"

"Ulikuja kwa ajili ya benki."

"Benki!" Akaweka kisu chini. "Mimi ndiye niliyekuwa nafua leso zake, Veijo. Mkamba hautoi vile. Nilijua, ila nilikuwa sijui kiasi gani. Na nyumba sikuitaka, nikwambie na hilo. Juu ya posta nilipapenda, kuna jua la asubuhi, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilitaka kujua nina muda gani naye. Yeye hasemi, daktari hasemi mpaka yeye aruhusu. Nikasema, yuko mtu mmoja ambaye kwenye saa hadanganyi. Nikaja. Ukaniambia elfu mbili na mia nne."

Veijo alifungua mdomo.

"Ngoja. Nilipiga hesabu njiani juu ya baiskeli. Nikasema mtu mwenye saa zote hizo huyu hafi leo wala kesho, ana miaka. Pale darajani nikashuka nikamshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu, kama kichaa. Kisha nikaenda nikaomba zamu."

"Alinikataza nisikwambie," Veijo akasema.

"Najua. Na mimi nilikuuliza. Tulikuja wawili kwako, ukamsikiliza mmoja."

"Sikuweza kuzifuta, Sirkku. Mbele yake, sikuweza."

"Mbele yake, sawa. Lakini mimi nilikuja peke yangu." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomchoma. "Wiki kumi. Ningemkalisha mahali nikakaa karibu naye. Ningegombana naye. Mabinti wangemuuliza mambo. Nilikuwa natia sukari kwenye uji wa watu nisiowajua, na yeye alikuwa hapa peke yake anakufa na ndoo ya zege, nami narudi namfunika, nasema amechoka na kazi." Akachukua kisu, akaendelea na majani. "Beba mabakuli. Watu wana njaa."

Veijo alibeba mabakuli. Watu walikula, wakasifu supu, wakataniana nani alipinda msumari upi. Jua lilikuwa juu ya ziwa na mbu walikuwa wachache. Walipomaliza, Kauko akagonga kijiko kwenye kikombe.

"Shukrani! Mlo bila shukrani ni chakula cha mfungwa. Mwenye nyumba hayupo, Mungu amrehemu, kaka yake asimame. Sema, Veijo. Tena useme vizuri, sisi tumekuvumilia na nyundo yako mwaka mzima."

Wakacheka, wakapiga meza. Veijo akasimama na karatasi zake. Alitafuta maneno ya shukrani ambayo kila mtu kwetu anayajua kwa moyo, hakuyapata.

"Makadirio haya yana kosa," akasema.

Kicheko kikalipuka. "Asilimia ngapi?" Kauko akapaza sauti. "Tupige magoti, jamani, Veijo amekosea!"

"Saa mia sita na kumi na moja."

Kauko akakunja uso. Alikuwa ameshalisoma lile daftari, walilisoma wote. "Hizo si ndizo za Ilpo? Hizo marehemu alizifanya kweli, tumeziona kwa macho. Zilizokosekana ni zile nyingine, nasi tunazilipa."

"Hizo nyingine sizihesabu. Hizo ni mbao na zege, kila mtu angeweza kuzifanya." Veijo akafunua karatasi ya mabega. "Hizi mia sita na kumi na moja ndizo kosa. Hazikuwa za nyumba. Zilikuwa zake Sirkku. Alikuja kuziuliza, nami nikijua Ilpo anakufa nikamwambia mumewe ana miaka. Nilizichukua kwake nikaziweka mle chini." Akaonyesha kwa kidole sakafu ya nyumba nyuma yake. "Zimo mle ndani ya zege, na siwezi kuzitoa."

Mtu mmoja mezani alikuwa na kijiko njiani kwenda mdomoni, akakirudisha taratibu kwenye bakuli. Sirkku alikuwa anatoka na birika la kahawa. Alisimama, akaliweka chini kwa uangalifu lisimwagike, akaketi juu ya rundo la mbao, akajifunika uso kwa aproni. Ndipo akalia. Hatukuwa tumemsikia akilia hospitalini, wala kaburini, wala majira yote ya baridi. Alilia kwa sauti pana, mabinti zake wakamkimbilia, wanawake wakainuka, na Kauko akavua kofia bila kujua kwa nini. Veijo akabaki amesimama kichwani mwa meza na karatasi zake mkononi, na hakuna aliyemwambia aketi.